Nisokote nyaya za muziki mara ngapi kwa mita?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mikindani, napiga muziki kwenye harusi na sherehe huku kwetu, mara nyingine Mtwara mjini. Nina boksi la kebo ya mtandao, Cat5e, lililobaki baada ya kazi ya kufunga intaneti kwenye nyumba ya wageni. Nataka nitengeneze mwenyewe nyaya za kutoka miksa kwenda amplifaya, kama mita 6, na nyaya za spika, mita 15 kila upande. Nimeona picha za watu wanasuka nyaya nne nne au nane nane wakisema sauti inakuwa safi zaidi. Mitambo yangu inavuma, hasa taa za mapambo zikiwashwa. Je, nisokote kwa mkono au kwa drili? Mizunguko mingapi kwa mita? Na nikisokota sana ndiyo mvumo utaisha?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ukilikosea hilo utasokota mpaka mikono iote sugu na mvumo ubaki palepale. Kusokota kunaondoa aina moja tu ya mvumo, ule unaoingia kwenye kebo kutoka nyaya za umeme zilizo jirani. Mvumo unaozaliwa ndani ya amplifaya, na ule unaotokana na vyombo viwili kufungwa ardhini kwa njia mbili, haujali kama waya umesokotwa au umenyooka.

Kwa hiyo kabla hujagusa koleo, fanya hivi. Shusha sauti mpaka mwisho, chomoa nyaya zote zinazoingiza muziki kwenye amplifaya, acha spika peke yake, kisha pandisha sauti taratibu. Ikivuma vilevile, ugonjwa umo ndani ya amplifaya, mara nyingi kapasita za kuchuja umeme zimechoka, na hiyo ni kazi ya mezani kwa fundi. Ikiwa kimya, shusha tena, chomeka kebo unayotumia sasa kutoka miksa, upande wa amplifaya tu. Ncha ya pili usiiache wazi, kwa sababu ncha iliyo wazi huvuma hata kwenye kebo nzima na itakudanganya. Unganisha pini ya katikati ya jeki yake na ganda la chuma la jeki hiyo kwa kipande kifupi cha waya. Pandisha sauti, isogeze kebo karibu na waya wa taa za mapambo, halafu iondoe. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyoisogeza, hapo msokoto una kazi ya kufanya. Ukibaki kimya mpaka utakapochomeka miksa na laptopu, hilo ni jambo jingine kabisa na nitalifikia mwishoni.

Sababu ya msokoto kufanya kazi ni rahisi kuielewa. Kila waya unaopitisha umeme wa nyumbani umezungukwa na nguvu ya sumaku inayopanda na kushuka kwa mawimbi 50 kila sekunde. Nyaya zako mbili za sauti, wa kwenda na wa kurudi, zikiachana hata milimita chache, zinaacha uwazi mwembamba mrefu kati yake. Nguvu ile ya sumaku ikipenya kwenye uwazi huo inazalisha umeme mdogo, na amplifaya, ambayo haiwezi kujua kipi ni wimbo na kipi ni taka, inaukuza pamoja na wimbo. Ukizisokota, ule uwazi mrefu unakatwa kuwa vijiuwazi vingi vidogo, kila kimoja kimegeuka kinyume cha mwenzake wa pembeni. Kinachozalishwa na hiki kinafutwa na kinachozalishwa na kile. Si ufundi mpya huu. Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota nyaya mwaka 1881, wakati laini za simu zilikuwa zikiokota kelele na maongezi ya laini za jirani.

Na kanuni hii inafanya kazi pande zote mbili, kitu ambacho wapiga muziki wengi hawakifikirii. Waya unaotupa mvumo nao ukisokotwa, unatupa kidogo sana. Sasa tazama taa zako za mapambo zinavyofungwa. Mara nyingi waya unakwenda kuzunguka turubai upande huu, unarudi kwa upande wa pili, na wageni wote, miksa, na kebo zako mko katikati ya duara hilo. Hiyo ni koili kubwa ya upana wa turubai zima. Mwambie mfunga mapambo atumie waya ambao njia ya kwenda na ya kurudi zimekaa pamoja, ubavu kwa ubavu au zimesokotwa, na azichomeke kwenye soketi tofauti na yako. Kwa harusi nyingi hilo peke yake linashusha mvumo kuliko kebo yoyote utakayotengeneza. Kama kelele yenyewe si mvumo mzito bali ni mkwaruzo mkali, kama "zzzz", shuku kifaa cha kupunguzia mwanga au zile taa za bei rahisi zenyewe. Hizo zinachafua umeme wote wa eneo, na dawa yake ni kuzizima au kuzibadilisha.

Sasa mizunguko. Watu hutaka namba moja ya kutumia kila mahali, lakini msokoto hupimwa kwa umbali. Urefu wa mzunguko mmoja kamili, tuuite hatua, unatakiwa uwe mdogo ukilinganisha na umbali kati ya kebo yako na waya wa umeme unaoisumbua. Waya wa umeme ukiwa sentimita 30 kutoka kwako, hatua ya sentimita 3 inatosha kabisa. Ukizilaza kebo mbili pamoja kwa mita kumi, moja ya umeme na moja ya sauti, hata hatua ya sentimita 1 itakuwa inahangaika. Ndiyo maana kuzitenganisha ni nusu ya kazi, na pale zinapolazimika kukutana zivukane kwa pembe mraba, zisitembee pamoja.

Kwa kazi ya mikono, mimi nachukua hatua iwe kama mara 10 ya unene wa waya mmoja pamoja na ganda lake. Waya mwembamba wa milimita 2.5 kwa nje unapata hatua ya sentimita 2.5, yaani mizunguko 40 kwa mita. Waya wa spika wenye ganda la milimita 3.5 unapata hatua ya sentimita 3.5, mizunguko 28 au 29. Kwa kipimo hicho kebo inafupika kwa karibu asilimia 5, hasara inayobebeka. Ukiubana ule wa milimita 2.5 mpaka hatua ya milimita 12, waya unaotumika unaongezeka kwa karibu asilimia 20. Kebo inakuwa ngumu, ganda linabanwa, na shaba inachoka kabla haijaanza kazi. Mvumo ulioupunguza kwa kubana namna hiyo hutausikia kwenye ngoma ya harusi. Kwa hiyo hapana, kusokota sana hakusaidii kuliko kusokota sawasawa.

Usawa ndio unaotafutwa, kwamba hatua iwe ileile kuanzia mwanzo mpaka mwisho na nyaya zote mbili ziwe na mkazo mmoja. Kosa ninaloliona sana kwenye kebo za kutengeneza nyumbani ni waya mmoja kunyooka katikati na mwingine kuuzunguka. Kwa mbali inaonekana imesokotwa. Ukiivuta, ule ulionyooka ndio unaobeba mvuto wote, na ndio utakaokatika kwanza, ndani ya ganda, mahali usipopaona.

Drili ni nzuri kwa kebo ndefu, mkono ni mzuri kwa fupi. Chini ya mita mbili tumia mkono, maana vidole vinahisi mkazo kuliko mashine. Kanuni ni ileile ya wazee wetu wa pwani wanaosokota kamba za makumbi ya nazi: kila uzi huzungushwa upande mmoja, kisha nyuzi zinazungushwa pamoja kwa upande wa pili, na pande hizo mbili zinazuiana zisifumuke. Basi kila unapozipitisha nyaya moja juu ya nyingine kwenda kulia, zungusha kila waya kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada kwenda kushoto. Kebo iliyosokotwa hivyo ukiiweka mezani inalala. Isipofanyiwa hivyo inajinyonganyonga yenyewe.

Kwa zile za spika za mita 15, tafuta nafasi ya wazi, shina la mkorosho huku na nguzo ya baraza kule. Kata nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, kila moja mita 16.3 hivi: mita 15, asilimia 5 ya msokoto, na akiba ya ncha. Zinyooshe kwanza juani zipate kulainika na kusahau umbo la roli. Upande wa nguzo piga misumari miwili iliyoachana upana wa kiganja. Hapa wewe wa Mikindani una bahati, nenda kwa wauza zana za uvuvi ununue vile vipete vya chuma vinavyozunguka, ambavyo wavuvi wa mshipi hufunga karibu na ndoana ili uzi usijikunje. Funga kila waya kwenye kipete chake na kila kipete kwenye msumari wake. Usifunge nyaya zote mbili kwenye kipete kimoja, hapo kebo nzima itazunguka hewani na msokoto hautashika. Vikiwa viwili vilivyoachana, nyaya zinazungukana huku kila moja ikijitoa nguvu ya kunyongwa kwa upande wake.

Ncha za upande wako zibane pamoja kwenye mdomo wa drili, zimeze kama sentimita 5. Rudi nyuma mpaka nyaya zikaze, zisining'inie katikati. Msaidizi wako aweke kalamu kati ya nyaya karibu na misumari ili zisirukiane. Anza mwendo wa pole. Utasikia kebo inakuvuta, nawe mfuate hatua kwa hatua bila kulegeza. Kwa mita 15 na hatua ya sentimita 3.5 unahitaji mizunguko kama 430. Ongeza asilimia 10 kwa sababu nyaya za nyuzi nyingi hurudi nyuma kidogo zikiachiwa. Drili inayozunguka mara 300 kwa dakika inamaliza hiyo kwa dakika moja na nusu na ushee. Sasa subiri. Usifungue mdomo wa drili ghafla, kebo itaruka na kujifunga mafundo. Igeuze drili irudi nyuma polepole huku umeishika imekaza, mpaka uone haitaki tena kujizungusha. Weka rula mahali patatu, mwanzo, katikati na mwisho. Zikitofautiana milimita chache si neno.

Halafu njoo kwenye ncha, maana hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Mtu anasokota mita 10 kwa ustadi, akifika kwenye jeki anafumua sentimita 8 ili apate nafasi ya kushika chuma cha kuyeyushia risasi, anafunga, anaondoka. Zile sentimita 8 zilizo wazi ni mlango, na kwa kawaida zinakaa nyuma ya miksa palepale penye adapta na ekstensheni. Wafungaji wa mitandao kwenye kebo kama hiyo yako wanaruhusiwa kufumua milimita 13 tu kwenye kila ncha. Nawe jizuie hapohapo. Ukimaliza, funga mwisho wa msokoto kwa uzi au mpira wa kusinyaa kwa joto ili usijifumue wenyewe ndani ya jeki.

Tuje kwenye boksi lako la Cat5e. Habari njema ni kwamba kebo hiyo tayari imesokotwa na mashine, vizuri kuliko mimi na wewe tutakavyoweza. Ndani kuna jozi nne: samawati, chungwa, kijani na kahawia, kila moja na mwenzake mweupe wenye mstari. Ukichana ganda la nje utaona kila jozi ina hatua yake, hazifanani. Hilo limefanywa makusudi, kwa sababu jozi zilizolala pamoja zikiwa na hatua moja zinasikilizana, sauti ya hii inavuja kwenye ile. Kwa hiyo usizifumue ukazisokota upya, na siku ukitengeneza jozi nne zako mwenyewe za kulaza pamoja, kila jozi ipe hatua tofauti kidogo.

Lakini angalia kama kebo ya boksi lako ina karatasi ya foili chini ya ganda. Kama haina, usiitumie kwa ile kebo ya mita 6 yenye jeki za RCA, zile zenye pini moja katikati na ganda la duara. Msokoto unaua nguvu ya sumaku. Kuna kero ya pili, ya volteji yenyewe iliyo hewani kuzunguka nyaya za umeme, na hiyo huzuiwa na foili au wavu wa shaba. Kwenye RCA waya mmoja unabeba sauti na mwenzake umefungwa ardhini, hivyo amplifaya haina cha kulinganisha. Kinachookotwa na waya wa sauti kinaingia chote. Kipande cha nusu mita kutoka simu hadi miksa hakina shida. Mita 6 chini ya turubai, hapana.

Tazama nyuma ya miksa na amplifaya yako. Ukiona matundu ya XLR yenye pini tatu pande zote mbili, achana na RCA kabisa. Hapo sauti inasafiri kwenye nyaya mbili zilizo kinyume, amplifaya inachukua tofauti yake, na chochote kilichoingia sawa kwenye zote mbili kinajifuta. Msokoto unafanya kazi yake kamili hapa, kwa sababu ndio unaohakikisha kwamba nyaya zote mbili zinaokota sawa. Pini ya 1 ni ngao, yaani foili au wavu unaozifunika nyaya, pini ya 2 ni chanya, pini ya 3 ni hasi. Jozi moja ya Cat5e inakwenda kwenye 2 na 3, na foili na waya wake kwenye 1, ncha zote mbili. Hata ile isiyo na foili inafanya vizuri kwa sauti ya miksa kwenda amplifaya, ukiipa pini ya 1 jozi nyingine nzima. Kwa maiki tafuta yenye foili, maana sauti ya maiki ni ndogo mno, milivolti chache. Maiki za kondensa zinazolishwa volti 48 kutoka miksa haziwaki kabisa pini ya 1 ikiwa haijaunganishwa.

Ikiwa huna XLR na ni lazima iwe RCA, kebo ya foili uifunge hivi: samawati kwenye pini ya katikati, mweupe wa samawati kwenye ganda la jeki, hiyo ni kushoto, kulia fanya vivyo hivyo kwa jozi ya kahawia. Foili mimi naifunga upande wa miksa peke yake, upande wa amplifaya naikata na kuifunika. Au fanya lililo rahisi kuliko yote, hamishia amplifaya karibu na miksa, kebo ibaki mita moja.

Angalizo moja juu ya Cat5e ya boksi: ndani ni waya wa uzi mmoja mgumu, umetengenezwa kukaa ukutani. Ukiukunja na kuukunjua kila Jumamosi utakatika. Kwa kebo inayosafiri nunua ile laini ya nyuzi nyingi.

Spika ni habari nyingine. Sauti inayokwenda kwenye spika ni kubwa na amplifaya inaishika kwa nguvu, mvumo hauna pa kuingilia. Kusokota hapa kunafanya kebo isijitawanye na isitupe sauti yake kwenye nyaya za maiki zilizo jirani, basi. Kinachohesabika ni unene. Waya mmoja wa Cat5e una eneo la kama milimita za mraba 0.2. Hata ukiunganisha rangi zote nne kuwa chanya na nyeupe zote nne kuwa hasi, unapata 0.82 tu kila upande. Kwa mita 15, kwenda na kurudi mita 30, upinzani wake ni karibu omu 0.64. Spika yako ya omu 8 tayari imepoteza sehemu kumi na nne katika kila mia ya nguvu njiani. Ukifunga spika mbili pamoja zikawa omu 4, hasara inakaribia robo. Kipimo ninachofuata ni upinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Waya wa milimita za mraba moja na nusu unatoa omu 0.35 kwa safari hiyo, unafaa kwa omu 8. Wa mbili na nusu unatoa 0.21, na huo ndio ningeununua mimi, laini, nyuzi nyingi, nyekundu na nyeusi, kisha nisokote kama nilivyoeleza.

Na zile kebo za kusuka nane nane ulizoziona kwenye picha? Zinapendeza. Zinapunguza kidogo kitu kinachoitwa indaktansi, kile kinachozuia sauti za juu ndani ya waya, lakini zinaongeza kapasitansi, yaani chaji inayohifadhiwa kati ya nyaya, kwa sababu nyaya nyingi zinakaa karibu karibu kwa urefu mrefu, na kuna amplifaya ambazo hazipendi hilo, zinaanza kupata moto bila sababu unayoiona. Nyaya nne zina faida ya kweli mahali pamoja, kwenye maiki, pale zinaposokotwa zote pamoja na kila waya kuunganishwa na ule unaotazamana nao kwa ng'ambo, si wa jirani yake. Ukiunganisha wa jirani umepoteza faida yote.

Misikiti hunipigia kuuliza hili pia, hivyo nilitaje kwa kupita. Spika za tarumbeta za mnarani zenye transfoma, zile za laini ya volti 100, hazihitaji waya mnene. Wati 30 kwa volti 100 ni ampea 0.3 tu, wakati wati hizohizo kwenye spika ya omu 8 ni karibu ampea 2. Waya mwembamba uliosokotwa unafika mbali. Ila volti 100 zinapiga, usizishike muadhini akiwa kwenye maiki.

Kabla hujanunua waya wowote, kwangua ncha kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, na hukatika upesi ikikunjwa. Sumaku ikiushika, ndani ni chuma, urudishe.

Usitegemee ncha zilizonyongwa na kuzungushiwa tepu. Kwa upepo wa chumvi wa ghuba yenu, shaba iliyo wazi inaota kijani, na sauti inaanza kukatikakatika katikati ya mnenguo. Nyuzi za waya wa jeki zipake risasi, zichomelee, kisha zifunike. Risasi iwe ya kielektroniki yenye dawa ndani. Dawa ya tindikali ya mafundi bati italila jeki lako. Lakini waya unaobanwa na skrubu nyuma ya amplifaya usiupake risasi. Risasi ni laini, inatanuka taratibu chini ya skrubu, na kesho imelegea. Huo nyonga nyuzi zake vizuri uzibane zikiwa tupu, na kama unauzungusha kwenye skrubu uzungushe kwa mwelekeo wa mshale wa saa, ili unavyokaza uzidi kuingia. Jambo jingine la huku Kusini, ikiwa nyumbani mna shamba la korosho, usihifadhi nyaya kwenye stoo moja na mifuko ya salfa ya kupulizia ubwiri unga. Salfa inaifanya shaba kuwa nyeusi, na weusi huo risasi haishiki.

Ukimaliza zote mbili za spika, hakikisha hujageuza rangi. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye waya mwekundu na hasi kwenye mweusi kwa nukta moja. Koni ya spika ya besi isukumwe kuja nje, na ya pili vilevile. Moja ikija nje na nyingine ikaingia ndani, besi yako itapotea katikati ya uwanja na utalaumu amplifaya. Usigusishe betri moja kwa moja kwenye spika ndogo ya sauti za juu.

Sasa lile jambo la tatu. Kebo haivumi, amplifaya haivumi, ila ukiunganisha laptopu inavuma. Chomoa chaja ya laptopu, iache ifanye kazi kwa betri. Mvumo ukikatika papo hapo, vyombo vyako vimefungwa ardhini kwa njia mbili, moja kupitia chaja na nyingine kupitia amplifaya, na umeme mdogo unazunguka kati yake kupitia ngao ya kebo. Kwanza chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja kutoka soketi moja. Usikate pini ya ardhi ya plagi kama wanavyofanya wengi. Mvumo utaisha kweli, lakini siku amplifaya ikipata hitilafu, volti 230 zitakaa kwenye bati lake na kwenye maiki iliyo mdomoni mwa MC. Ekstensheni moja isipotosha, weka transfoma ya sauti ya uwiano wa 1:1 kati ya laptopu na miksa, kile kiboksi kidogo chenye jeki pande zote mbili kinachotumika pia kwenye redio za magari. Ukikikosa Mtwara mjini, mwagize mtu anayekwenda Dar akuchukulie Kariakoo, viwili, kimoja kwa kushoto na kulia vya laptopu na kingine cha akiba.